Matanga ya Siku ya Daraja

Jumatatu, 6 Oktoba
Shifti mbili leo. Miguu imevimba. Nimefika nyumbani Richfield nikamkuta binti yangu Wanja ametandaza karatasi mpaka kwenye kochi. Historia ya Minnesota. Kila mwanafunzi achague siku moja kubwa ya jimbo, na mzazi aje darasani Ijumaa aeleze alikuwa wapi siku hiyo. Yeye amechagua daraja la Mississippi, lile lililoanguka 2007. Nikamwambia achague siku ya bendera mpya ya jimbo. Hakuuliza kwa nini. Anajua baba yake alikuwa akipita pale. Tangu tumzike Machi, simtaji.

Jumanne, 7 Oktoba
Sina amani. Wanja alikuwa hajazaliwa, na kisa cha siku ile ya daraja hajawahi kukisikia. Wacha nikiandike hapa kwanza.

Agosti, jioni, joto jingi. Kamau, baba yake, alikuwa akipita daraja lile kila siku akitoka kazini. Televisheni ikaonyesha magari mtoni. Simu yake haishikiki. Saa moja, kimya. Saa mbili, kimya. Na Wakenya tulivyo, hatungoji kuambiwa. Jirani yetu Mama Shiro akaja na sufuria ya chai, wengine na viti, wengine na pilau. Mchungaji akafungua kwa maombi. Hakuna aliyetamka neno matanga, lakini ndiyo yalikuwa hayo.

Tulikuwa ubeti wa pili wa wimbo, mlango ukafunguka. Kamau, mikono imejaa grisi. Alikuwa mji wa jirani, Maple Grove, akimtengenezea rafiki gari, simu imeisha chaji. Akavua kofia kwa heshima, akauliza nani amefariki.

Tulicheka mpaka mchungaji akakaa chini. Kamau akachukua sahani, akala pilau ya matanga yake. Akaongeza sahani ya pili. Jamani, mume wangu. Kuna nyumba jioni ile hazikucheka, najua.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimekasirika. Wanja amemwambia mwalimu kwamba sitakuja, niko kazini. Amedanganya ili nisiumie. Mtoto ndiye ananibeba mimi sasa? Nimeomba ruhusa kwa supavaiza, amekubali. Halafu nikaanza kuogopa. Nikilia mbele ya watoto wa watu je?

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeenda. Kiingereza kilinipotea mara mbili. Nilipofika pale mlango ulipofunguka, nikalia. Nikajifuta, nikaendelea mpaka kwenye sahani, wakacheka, hata mwalimu. Nimelitaja jina lake mara nyingi. Kamau. Kamau. Wanja hakucheka. Alikuwa anaandika.

Jumapili, 12 Oktoba
Baada ya kanisa Wanja amenionyesha karatasi yake. Mstari mrefu wa miaka. Wadakota kwanza, wenyeji wa asili. Kisha mwaka jimbo lilipojiunga na Marekani, vinu vya unga, theluji kubwa ya 1991. Penye 2007 ameandika kwa Kiingereza: daraja limeanguka, watu kumi na watatu wamekufa. Chini yake, kwa Kiswahili, yeye ambaye hunijibu Kiingereza siku zote: “Baba alirudi nyumbani.”

Nimeibandika kwenye friji.