Kwa Yaya Paluku, Katekista Aliyewaambia Watu Wakae

Yaya wangu Paluku,

Kwa heshima zote, mbele ya Mungu na mbele ya wakristo wa kapela yetu, ninakutangazia msiba: ile kofia uliyoiacha huku imefariki. Mbuzi wa jirani aliila Jumanne, akaanzia pembeni taratibu kama mtu anayekula chapati. Hatukuweka kilio.

Baada ya tangazo hilo, nikuambie lingine, kaka yangu: nimekukasirikia. Nina miaka arobaini na saba, tumbo limenitangulia, nywele zimeniaga, na bado ninakukasirikia kama siku zile ulipokuwa unanivuta sikio kunipeleka katekisimu Musienene.

Unakumbuka ugomvi ulivyoanza? Mwaka mzima mvua ilitunyeshea ndani ya kapela. Yule komanda wa waasi akatuletea mzigo wa manjanja, mabati ya kuezekea, na sote tulijua yametoka wapi: yaliezuliwa kwenye shule ya watu, upande wa Lubero. Wewe, katekista wetu, ukasimama ukasema, "Nyumba ya Mungu haitavaa nguo ya wizi." Maneno mazuri. Mais lakini Yaya, namna ulivyoyasema! Ulinitazama mimi niliyeshika misumari ya kuezekea kana kwamba ndiyo niliyomsulubishia Bwana. Kisha ukachukua nusu ya watu, mkashuka bondeni kusali kwenye ghala la maharagi. Ulikuwa na haki, na hakuna anayechosha kama kaka mkubwa mwenye haki.

Sisi tukabaki kilimani na manjanja yetu, na ile jante ya lori, rimu ya gurudumu, inayoning'inia mlangoni badala ya kengele. Mpigaji wake ni mimi, na sheria yake uliniwekea wewe. Mapigo matatu ni sala. Mapigo yasiyokatika ni askari, kila mtu akimbilie msituni. Mlio wake ulifika hata bondeni. Tuligawana kila kitu, hata vitabu vya nyimbo, lakini jante ilibaki ya wote.

Jumapili yenu ya matoleo ya mavuno, ikalia bila kukatika. Watu wako wakatupa vikapu wakakimbia, wazee wakaanguka kwenye matope. Askari hawakuonekana. Mimi nikaapa kwamba niliona watu wenye bunduki kwenye migomba, nawe ukaniita mwongo mbele ya wote.

Wiki tatu baadaye ikalia tena, ninyi mkiwa katikati ya sala. Watu wakainuka. Walionisimulia ni wengi, na wote wanasema vilevile, kwamba uliinua mkono ukawaambia, "Mukae. Hapana kimbia. Ni Kambale, mudogo wangu, na bupumbafu bwake tena." Wakakaa. Waliendelea kuimba mpaka askari wakafika ghalani. Papa Mbusa, mpiga ngoma wenu, alijaribu kufunga mlango. Alifia hapo hapo.

Jioni ile wazee wakatuita. Wakasema watu walionywa mara mbili, na katekista akawakalisha. Ulinitazama, ukanyamaza. Kwa nini ulinyamaza, Yaya? Wewe uliyekuwa na neno juu ya kila kitu, hata juu ya namna ninavyotafuna! Kesho yake asubuhi ukapanda pikipiki mpaka Beni, ukaendelea mpaka Oicha, ukajificha kwenye mashamba ya kakao ya watu. Papa Mbusa alikuwa hajazikwa. Hukuaga mtu. Hasira hiyo ninalala nayo na kuamka nayo.

Kwenye maziko tulifika na misalaba miwili na kwaya mbili, tukaanza kusukumana kando ya kaburi tukibishana nani aimbe kwanza. Mama Katungu, mjane wa Papa Mbusa, akatutazama akasema polepole, "Niko na bwana moja tu ya kuzika. Musiniletee kanisa mbili."

Jumapili iliyofuata hakupanda kwetu wala hakushuka kwenu. Alikaa njiani, katikati, na rozari yake. Wamama wawili wakaenda kukaa naye, kisha kumi, kisha wote, mvua inyeshe au jua liwake. Kilimani tulibaki wanaume watatu tukiimba, mmoja wetu kiziwi, na ndiye aliyekuwa na sauti nzuri. Tukashuka kwa aibu. Wa bondeni wakapanda kwa aibu yao.

Tumejenga pale pale njiani, kwa udongo na nyasi. Manjanja tuliyarudisha kwa wenye shule, tukiyabeba kichwani, na mimi nililalamika safari nzima. Jumapili hii padri anabatiza watoto wa pande zote mbili. Watu wanataniana tena. Lakini jina lako likitajwa kicheko kinakatika, na lazima mtu aseme, "Ule alikalisha batu bakufe." Na mimi ninakohoa, ninatazama viatu vyangu.

Donc, basi, barua hii itasomwa Jumapili wakati wa matangazo, Mama Katungu akisikia, kabla haijapelekwa Oicha. Yaliyotokea ni haya.

Ile mara ya kwanza hapakuwa na mtu kwenye migomba. Nilikuwa kilimani, benchi zangu nusu tupu, nikasikia nyimbo zenu zikipanda kutoka bondeni, tamu kuliko zetu. Wivu ukanishika. Nikaokota chuma nikapiga, nikasimama kuwatazama mnavyokimbia, na nilifurahi. Mara ya pili askari niliwaona kweli. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka, na hakuna aliyetoka ghalani, na nilijua kwa nini. Wazee waliponiuliza kama mara ya kwanza niliona bunduki, nikasema ndiyo. Ungenipinga, wangenifukuza mimi. Ulinyamaza, nami nikakuacha uubebe mzigo huo.

Papa Mbusa hakukalishwa na wewe. Nilimkalisha mimi, wiki tatu kabla.

Sikuiti urudi, haki hiyo sina. Mungu akutunze huko uliko.

Mdogo wako,
Kambale