Mstari kwenye meno yangu siku ya kumsemea Shija

Jumamosi, asubuhi.

Upepo wa ziwani umeamka na ugomvi leo. Unapiga mabati ya Kirumba nzima, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni imeingia mpaka kwenye chai. Na mimi nimeamka vibaya. Nimekaa kitandani na meno yangu mkononi, nayaangalia kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Kuna mstari.

Nyie mnaosoma huku mnanijua. Shule sikwenda, herufi nimejifunza kwenye mbavu za mitumbwi, lakini kwa kuongea Mwanza hii hakuna wa kunisogelea. Niliwahi kusimamisha mnada wa samaki kwa hadithi ya kambare aliyepanda bodaboda, wanunuzi wakamsahau sangara wao mpaka barafu ikayeyuka. Na meno haya ya bandia ndiyo mtambo wenyewe. Kuanzia hapa mpaka Ukerewe hakuna mazuri kama haya. Wenye meno ya kuzaliwa wanayaonea wivu.

Sasa kuna mstari mwembamba kama unywele. Unaanzia nyuma ya meno ya mbele, unashuka kwenye ile fizi ya akriliki, plastiki ngumu ya pinki, mpaka katikati.

Na mchana huu naenda Usagara kumsemea Shija.

Shija ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, ananiita baba mkubwa. Anamtaka Kabula, Kabula anamtaka, na kwao Kabula wamekubali kutusikiliza leo. Msemaji ni mimi. Je, meno yakikatika mbele ya wajomba, nusu ikadondokea kwenye sahani ya watu? Tutarudi bila mke. Mwaka jana kule Magu, kwa binti mwingine, tulirudi hivyo hivyo. Nilitania kidogo tu pua ya mjomba wao. Utani ulikuwa mzuri, wenyewe ndio hawakuwa na masikio. Shija hajanisamehe vizuri mpaka leo.

Nimempigia Ta Rwiza, yule Mhaya wa Buzuruga aliyenitengenezea meno. Yuko kwao Bukoba, msibani.

"Shikamoo mzee. Umeyaangusha?"

"Marahaba. Mimi niangushe? Hata mtumbwi wenye nyavu za kijiji kizima sijawahi kuuangusha."

Hakucheka. Akanipa somo. Pitisha kucha kukatiza mstari. Ikikwama upande mmoja tu, na upande wa pili ni laini, huo ni mkwaruzo, brashi imepita, we tafuna tu. Halafu mulika na tochi ya simu kwa nyuma, geuza pole pole. Ufa unawaka kwa ndani kama ukingo wa kioo, unazima, unawaka, na kucha inausikia pande zote mbili. Lakini kuna kitu cha tatu, alama ya kutengenezwa, pale akriliki ilipokutana na akriliki ndani ya kalibu, ile chombo cha kuyapa meno umbo. Hiyo kucha haiisikii, na mwanga hauchezi, ni rangi tu imekolea.

"Hiyo meno yanazaliwa nayo, mzee. Ila usiyakunje kujaribu! Kama hakuna ufa, utautengeneza wewe."

Picha niliyomtumia haijafika. Inazunguka tu, mtandao wa huko msibani sijui ukoje.

Nimepitisha kucha. Kucha zangu hizi zimevuta nyavu miaka na miaka, zimekuwa kwato. Hazikusikia kitu. Nimemulika. Kuna kitu kimewaka. Au ni mate. Nikayakausha na shati, nikamulika tena, kimewaka, hakijawaka. Vidole vikaanza kuniwasha niyakunje, kidogo tu, nione. Nikayatupia kwenye mto kabla sijajiharibia.

Nikamwita Mama Masalu, mke wangu, mwenye kucha za kibinadamu. Akapitisha juu, akapitisha chini, akamulika, akageuza. Amekaa nayo mpaka nikamwinamia begani.

"Ufa," akasema.

"Ufa kabisa?"

"Ufa, Baba Masalu. Usitafune, usicheke. Ukifika sema la muhimu, funga mdomo."

Ni kama ameniambia niende Usagara bila suruali.

Jioni.

Nimerudi.

Tulikaribishwa vizuri, tukakalishwa kwenye viti vya plastiki. Ulimi wangu muda wote uko kwenye ule mstari, nikiutoa unarudi wenyewe. Mjomba wa Kabula, mtu mzito, akasema tueleze kilichotuleta. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kuanzia babu wa babu, na simba aliowafukuza kwa kofia.

Nikasema, "Tumekuja kumuomba Kabula. Shija ni mtu wa kazi. Tutamtunza."

Nikafunga mdomo.

Watu wanasubiri niendelee. Siendelei. Shija akanigeukia, akanitazama kama vile nimefia kwenye kiti.

Bibi yake Kabula akaja na hindi la kuchoma, akanisimamia.

"Jamani, mmetuletea bubu? Au ulimi mmeuanika Mwaloni na dagaa?"

Wakacheka wote. Na jibu nilikuwa nalo! Jibu tamu, limeiva, limenijaa mdomoni kama uji wa moto. Nikalimeza. Hindi nikalipokea kwa mikono miwili, nikalilaza mapajani kama mtoto mchanga.

Mara nikasikia, tik.

Ulimi ukakimbia kwenye mstari, juu, chini, juu. Kumbe ni kiti cha mjomba, ameinama mbele kuninyooshea kidole.

"Huyu mzee hapayuki," anawaambia wenzake. "Tuliambiwa tunaletewa mpiga domo. Mtu anayepima maneno namna hii, mtoto wetu akae kwake."

Wamekubali. Wanawake wakapiga vigelegele, Shija akalia mbele za watu bila aibu, na mimi sikuthubutu hata kutabasamu.

Tukiwa njiani kurudi, simu ikalia. Ujumbe wa Ta Rwiza.

"Mzee, picha imefika sasa hivi. Huo si ufa, ni alama ya kalibu. Ipo tangu siku ya kwanza, nilimwonyesha mama mlipokuja kuchukua, wewe ulikuwa nje unawapigia wagonjwa hadithi. Kula mahindi."

Nimeusoma tena na tena. Nimefika nyumbani nimemkuta Mama Masalu anachagua mchele. Nikayaweka meno mbele yake, kwenye ungo.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu siku ile! Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nafasi ya kusema ulinipa lini?"

Akayasogeza meno pembeni, akaendelea kutoa mawe. Hakucheka hata kidogo. Nikafungua mdomo nimjibu. Mimi, niliyesimamisha mnada.

Nikaufunga, nikayabeba meno yangu.

Sasa yako kwenye glasi hapa dirishani. Jua la jioni linapita katikati ya mstari, halichezi, halirukiruki, ni rangi tu imekolea. Hata mimi na macho yangu haya naona. Ninachojiuliza ni kingine. Mangapi mengine anayajua yule mama, amekaa nayo, anasubiri ninyamaze?

Kesho asubuhi meno yatabaki kwenye glasi mpaka chai iishe.

Aanze kusema yeye.