Wali Mtupu wa Mama

Katwa, wiki mbili kabla ya sikukuu ya Durga Puja

Mdogo wangu mpendwa Tutul,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka kwa kuwapigia kelele watoto wa darasa la nne. Wewe je, huko Pune wanakulisha nini? Mikate mikavu tu, pole wee. Shangazi Nirupoma anakusalimu, na magoti yake pia, maana siku hizi hana habari nyingine.

Kuhusu Mama, usishtuke, yupo na mdomo wake uko palepale. Lakini mwezi uliopita alianguka kando ya kisima, ndoo ikaenda huku, yeye kule. Daktari Haldar alimpima akakuta damu imepungua mno, akamuuliza anakula nini. Mama akajibu kwa fahari kwamba anakula wali, tena mlima. Na nini? Kiazi cha kuchemsha, chumvi, na samli siku akijisikia. Daktari akashika kichwa. Akasema wali si adui, ila ukikaa peke yake unashibisha tumbo na kuuacha mwili na njaa. Akachora sahani kwa kidole mezani: robo wali, robo dengu au samaki au yai, nusu nzima mboga, na ndimu ikamuliwe juu. Njiani Mama akaniambia yule daktari binti amemfanya mbuzi.

Basi vita vikaanza. Leo choroko na mchicha, kesho majani ya mlonge, kesho kutwa karela chungu na mtindi. Analalamika, anakula, na uso umeanza kupata nuru. Lakini dengu nyekundu hagusi, yai hagusi, na samaki ndio usiseme, kwa kuwa desturi yetu inamkataza mjane. Kinachoniuma ni kwamba samaki anatupikia yeye. Anamtia haradali, harufu inajaa nyumba, kisha anakaa pembeni na kiazi chake akitutazama tukichambua miiba.

Tuliporudi kwa Daktari alisema mboga zimesaidia, ila damu bado haitoshi, ale na samaki. Shangazi aliposikia alicheka: leo samaki, kesho atataka sari nyekundu na bangili kama mwenye mume! Nilimjibu vibaya. Ni mkubwa wangu, lakini alinichefua.

Ijumaa nikambana Mama jikoni, nikamwambia Baba asingependa kumwona hivi. Akageuza vipande kikaangoni, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba mwenyewe, akiwa kitandani, alimwomba asiache samaki kwa ajili yake, naye akamwahidi. Siku ya kuondoa matanga, sahani zilipopangwa, Shangazi aliuliza mbele za wageni kama mjane naye awekewe samaki. Mama alikuwa anafungua kinywa aitaje ile ahadi. Wewe ukamtangulia. Kichwa kimenyolewa kwa msiba, ukasema, “Mama hali samaki tena.” Wazee wakakusifu, ndiye mtoto wa kiume huyo, na Mama akafunga kinywa.

Nilimuuliza kwa nini hakukwambia hata baadaye. Akasema ulikuwa na miaka kumi na saba, baba huna, na siku ile ndipo uliposimama kama mwanamume mara ya kwanza. Je, akuaibishe kwa ajili ya kipande cha samaki?

Tutul, sikulaumu. Ulikuwa mtoto, ulisema ulichodhani wakubwa wanataka kusikia. Nimelia kwa ajili yake, na kwa ajili yako pia. Alinikataza kukuambia, nami nimevunja neno lake. Nifanyeje? Nikimpa mimi hali, Daktari akimwamuru hali. Neno lililomfunga ni lako.

Ukija sikukuu, usilete sari. Pita sokoni kwanza, chagua samaki wa ilish mwenyewe. Tukishaketi, Shangazi akiwepo na majirani wakiwepo, umwekee Mama kipande juu ya wali kwa mkono wako, umwambie ale. Mchicha nitaweka mimi, Daktari asije akatununia.

Jana, akiosha sufuria, nilimuuliza kama mzaha ni kipande gani cha ilish alichokuwa akikipenda. Akajibu kabla hajajizuia: cha tumboni.

Nisalimie wenzako wote, na safari yako iwe ya heri. Tunakungoja.

Ni mimi dada yako,
Monjushri