Mama Banza, Siku Uliyoshindwa Uchaguzi wa Shule

Mama Banza mpendwa,

Wazazi wa shule yetu wanajiandaa kuchagua kamati mpya, na juzi akina mama wawili vijana walikuja hapa nyumbani, mtaa wa Manika, kuniuliza habari zako. Mmoja akasema kwa heshima, "Tata, banasemaka mama hakushindwaka hata siku moja." Nikawaambia ukweli: ulichaguliwa mara tatu, na mara ya nne ukaanguka vibaya mbele ya kila mtu. Niliona hawakufurahi. Walitaka mama ambaye hakuanguka. Ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe, na wao wasome, kwa sababu kati ya yote niliyoyaona katika miaka yetu pamoja, siku ile ya kuanguka kwako ndiyo inayonishangaza mpaka leo.

Nitaeleza mambo unayoyajua. Utanisamehe. Ulizoea kuniambia, "Baba Banza, unafundisha hata sahani ya bugali," nami sikuacha.

Kwenye shule yetu, kura haikupigwa kwa karatasi. Wagombea walisimama mbele ya ukuta wa darasa la mwaka wa sita, na kila mzazi akaenda kupanga mstari nyuma ya mtu anayempenda. Mstari mrefu ndio uliotoa rais wa kamati kwa miaka mitatu. Na sharti lilikuwa moja: mgombea awe na mtoto katika shule hiyo.

Mwaka ule wa kwanza Banza wetu alikuwa ameanza kusoma, na Mujinga, kitinda mimba, ulikuwa umembeba mgongoni. Jua lilikuwa kali. Ukaona kivuli kidogo pale ukutani, ukaenda kusimama ili mtoto asiungue. Jirani yako wa sokoni, Mama Kalenga, akapaza sauti: "Kumbe Mama Banza naye anasimama? Basi mi niko nyuma yake!"

"Mi nafwata kivuli tu!" ukamjibu.

"Kivuli kitatosha sisi bote. Bamama, kujeni!"

Wakaja. Wauza vitenge wa sokoni, wake wa wachimbaji, mpaka mwalimu mmoja aliyekuwa na mtoto pale. Ulipogeuka, mstari ulikuwa umefika karibu na vyoo. Jioni uliingia mlangoni ukiwa na uso wa mtu aliyepewa mbuzi ambaye hakumwomba. "Baba Banza, banifanya prezida. Sasa nitafanya nini?"

Mimi, mwalimu wa historia, nikakuandalia maelezo marefu juu ya kazi za kamati. Ulisikiliza kwa adabu. Kesho yake hukufuata hata moja. Ulifunga duka lako la vitambaa asubuhi, ukaenda shuleni, ukaketi kwenye benchi ya mwisho ya mwaka wa tatu, magoti yamekunjwa karibu na kidevu, watoto wakikuchungulia na kucheka. Ulikaa mpaka kengele. Wiki iliyofuata ukaenda darasa jingine. Wajumbe wenzako walikutania: "Mama, unarudia klase?" Ukawajibu, "Ndiyo, nilifeli." Lakini kwenye mkutano ulijua mvua inaingilia wapi, na ni mtoto gani haoni ubao kwa sababu mbele yake ameketi mrefu. Ukaomba watoto wabadilishane mabenchi kila wiki. Ni jambo dogo, wala halikuhitaji msaada wa mtu yeyote. Hivyo ndivyo ulivyochaguliwa mara ya pili na ya tatu, na hizo mara mbili ulisimama ukutani kwa kutaka.

Kisha ikaja kampuni ya mgodi. Chini ya shule yetu kulikuwa na madini, kama ilivyo chini ya nusu ya mji huu, nao walitaka kiwanja. Waliahidi kutujengea shule mpya, lakini ng'ambo ya barabara kubwa, ile inayopitisha malori ya madini tangu alfajiri. Sahihi ya rais wa kamati ya wazazi ilikuwa mojawapo ya zile zilizohitajika. Wewe ulisema hutaitia mpaka wapate kiwanja upande wetu, ili mtoto wa miaka sita asilazimike kuvuka barabara ile mara mbili kwa siku.

Watu hawakukuelewa. Wengi walikuwa wameahidiwa kazi mgodini mara sahihi itakapopatikana, na kazi ni chakula; siwalaumu hata leo. Wakamsimamisha Tata Saidi, mzazi mwenzetu mwenye malori, mtu wa heshima, anayesali Ijumaa na kusaidia misiba bila kuuliza dini. Alisema wazi kwamba akichaguliwa atatia sahihi.

Siku ya uchaguzi mstari wake ulizunguka uwanja. Nyuma yako tulikuwa mimi, Mama Kalenga, na mama mmoja mzee aliyekuwa akilea wajukuu. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mama Banza, kivuli kimekwisha!" Watu wakacheka sana. Nilikuwa natazama kisogo chako, nikiomba usilie.

Hukulia. Mkurugenzi wa shule alipomtangaza Tata Saidi, ulitoka ukutani, ukavuka uwanja wote taratibu, ukaenda kusimama mwisho kabisa wa mstari wake. Kicheko kikakatika. Mtu wa mbele yako akageuka: "Mama, unapotea? Mustari wako ni ule."

"Sikupotea. Ule umeisha. Huyu njo prezida wetu, na mi niko na mutoto ku shule hii. Unataka nisimame wapi?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya watu walioshindwa madaraka. Wengine walikimbia, wengine wakachukua silaha, wengine wakaugua kwa uchungu. Sijawahi kusoma juu ya mtu aliyekwenda kupanga mstari.

Siku ya tatu ukamtumia Tata Saidi ujumbe, kwa heshima, kama mzazi kwa rais wake: kabla hajatia sahihi, aje mkaione barabara pamoja. Akaja na gari lake zuri. Nami nilikuwepo. Ilikuwa saa ya watoto kutoka shule, vumbi limesimama kama ukuta.

"Tata Saidi, kuja tuvuke."

"Mama, bwana, ingieni mu motokari, dereva atatuvusha."

"Hapana. Batoto habana na dereva."

Akashuka. Mtu huyu alikuwa amepita barabara ile maisha yake yote, lakini akiwa ameketi. Hakuwahi kuivuka kwa miguu. Tulisimama ukingoni. Lori likapita, na jingine, na jingine, hakuna aliyepunguza mwendo. Akajaribu hatua mbili, akarudi. Akajaribu tena, na safari hii lori likamjia likipiga honi, dereva akatoa kichwa dirishani: "We muzee! Unachoka na maisha? Toka mu barabara!" Na tusi moja la mama ambalo sitaliandika.

Tata Saidi aliruka nyuma, akakushika mkono. Akaangalia lori likienda. "Ule ni Kasongo," akasema polepole. "Ule ni dereva wangu. Hakunijua."

"Unamulipaka ili akutukane?" ukamwuliza.

Mkacheka mpaka ukashika ubavu. Halafu yeye akafuta vumbi usoni kwa kofia yake, akatazama ng'ambo kwa muda mrefu. "Mama, mutoto wa mwaka wa kwanza atavuka hapa namna gani?"

Ulimwacha na swali lake, na mimi, ambaye ningelieleza kwa nusu saa, nilijifunza siku hiyo kunyamaza.

Hakutia sahihi. Wazazi walimjia juu: "Tulikupatia mustari, unatugeuka!" Akawaambia, "Kila muzazi avuke leo kwa miguu yake, saa batoto banatokaka. Kama bado munataka, kesho nitasaini." Wengine walikwenda, kwa hasira, ili kumwonyesha. Walirudi wamepoa. Mazungumzo na kampuni yalichukua zaidi ya mwaka. Watu wake walikuja, wakaondoka, wakarudi, mpaka kiwanja kikapatikana upande wetu. Kazi zikachelewa, na ziko nyumba zilizolala njaa kwa kuchelewa huko. Ulilijua hilo. Ulipeleka unga kwa baadhi yao kimya kimya.

Wakati huo Mujinga alikuwa amemaliza mwaka wa sita, kwa hiyo hukuwa na haki hata ya kusimama kwenye mstari. Kisha ugonjwa ukakulaza. Kila jioni uliniuliza, "Bamefika wapi?" Nikakuambia msingi, kisha matofali, kisha madirisha. Hukufika kwenye bati. Tata Saidi alikuja msibani na watu wa msikiti wake, wakaketi nasi tangu asubuhi.

Nimeeleza mengi, na bado sijaweza kueleza jambo lenyewe: kwamba mtu aliyenyimwa kila kitu mbele ya watu anaweza kuvuka uwanja bila chuki, na kwa mwendo ule ule akapata alichotaka, wala si kwa ajili yake mwenyewe. Nililala pembeni mwako miaka hiyo yote na sikujua kwamba nimeoa mtu wa namna hiyo.

Leo mchana nilipita kwenye shule mpya saa ya kutoka. Watoto walimwagika langoni, wakaingia njia ya mtaani, isiyopitisha malori. Msichana mdogo sana akasimama katikati ya njia, akaketi chini kabisa, akavua kiatu, akakikung'uta kutoa kijiwe. Wenzake walimzunguka na kuendelea. Akaangalia ndani ya kiatu, akakung'uta tena, akakivaa taratibu. Hakuna mtu mzima aliyepiga kelele. Hakuwa na sababu ya kuharakisha.

Pumzika vema, mama.

Mumeo,
Baba Banza