Andika Wawili

Baba yangu,

Jana afisa mifugo alirudi. Ni yule yule kijana wa pikipiki aliyekuja ulipokuwa hai. Alikaa kwenye kigoda chako bila kujua ni chako, nami nikamwacha akae. Tangu aondoke sijafanya kazi ya maana, ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka ile siku yake ya kwanza? Serikali ilikuwa inatoa fedha ya ruzuku ya kununulia mashudu, kwa kila ng'ombe wa maziwa aliyesajiliwa na kuvishwa hereni sikioni. Tangazo lilipofika kijijini ulicheka. "Idadi ya ng'ombe wangu nimtajie mgeni? Zizi litaisha!" Asubuhi ukawaswaga watatu kati ya watano kwenda kwa rafiki yako Masanja, ng'ambo ya mto, yule ng'ombe wetu Kabula akiwa mbele. Ulificha wazuri, ukabakiza wale wawili wanaotoa maziwa ya kikombe tu. Ulikuwa mbishi, Baba, nami nilikupenda na ubishi wako.

Kalamu nilishika mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma. Nilijua fedha itafuata idadi. Nilikutazama, ukanitazama.

"Andika wawili, ng'wanone, mwanangu."

Nikaandika wawili. Ulinilea nisibishane nawe mbele ya wageni.

Kisha mvua ikagoma, na usajili ulikuwa umeshafungwa. Majirani walileta mashudu kutoka Bariadi, mifuko imepangwa kwenye bodaboda hadi dereva haonekani. Sisi tukapata ya wawili, nawe ukayagawa kwa watano, maana wale watatu ulikuwa umeshawarudisha, kiganja kwa kiganja, ukimpunja huyu ili umwongeze yule. Hakuna aliyeshiba. Kabula, ambaye maziwa yake yalinilipia ada ya sekondari, alilala karibu na mlango wa zizi akakataa kuinuka. Ulikipakata kichwa chake. Nilikuletea uji, ukaniambia nimpe yeye.

Sikuwahi kukuona ukilia kabla ya hapo. Natamani nisingekuona.

Wanne walikufa mmoja mmoja. Halafu mvua ikaja, majani yakaota mpaka mlangoni, nawe ukaanguka kitandani. Siku moja nikikukanda miguu kwa maji ya moto, ulinishika mkono, huu wa kuandikia.

"Siku ile ungenikaidi," ulisema.

Nilisubiri uendelee, ukageukia ukutani. Hukuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Ungenifokea ningekuwa na la kujibu. Baada ya wiki tukakuzika. Maneno yako nazunguka nayo kisimani, kwenye pamba, hata kanisani, na bado sijui kama ulikuwa unanilaumu au unaniomba radhi. Nimechoka kulia, Baba.

Jana kijana alitoa fomu. "Dada, hapa mna ng'ombe wangapi?"

Masanja alikuwepo. Akakohoa kunionya, vile vile ambavyo ungekohoa wewe. Watu walikuwa wamesimama kwenye ua wakisikiliza.

"Mmoja," nikasema, kwa sauti ya kufika kaburini kwako.

Hapakuwa na wa kupeleka ng'ambo ya mto. Nimekukaidi, Baba, na hukuwepo kunifokea.

Lala salama. Huyu aliyebaki nitamlisha vizuri.

Ni mimi binti yako,
niliyeshika kalamu