Tawi Nililolikata Vibaya na Kosa Nililombebesha Kaka

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie, ila usinionee huruma mpaka umalize kusoma. Mimi ni mkata miti na mtunza bustani, kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja, miti ya maua ya barabarani na ya maofisini nimeipogoa mpaka viganja vimeota sugu, na miezi minane iliyopita mama yetu aliniita nikampunguzie mjakaranda wake uliokuwa umelalia nyumba, maua yalikuwa yanaziba mfereji wa maji na tawi moja nene lilikuwa linakwaruza bati kila upepo ukivuma, nami nikaenda Jumamosi asubuhi, na kaka yangu mkubwa, mwalimu wa hesabu, akaja kunishikia ngazi.

Sasa mshauri, tawi nene halikatwi kwa juu tu. Unaanza kulikata kidogo upande wa chini, ndipo unahamia juu, na unalifunga kamba ili ulishushe polepole, la sivyo linavunjika kabla hujamaliza, linachana gome na kurudi kama bembea. Hayo nayajua kama ninavyojua jina langu. Lakini kamba nilikuwa nimeisahau kazini, nikaona uvivu kuifuata, na kaka akiwa pale chini akaniuliza, "Mdogo wangu, si huwa unaanzia chini?" nikamjibu kwa kicheko, "Mwalimu, hapa si darasani, wewe shika ngazi." Akaishika. Tawi lilipasuka sijafika hata nusu, likazunguka, likampiga kichwani na mgongoni.

Hospitalini daktari akauliza ilikuwaje, shemeji yangu analia pembeni, mama amejishika kichwa, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Nilimwonya asipite chini ya tawi, akapita." Nilidhani nitarekebisha baadaye. Kaka alizinduka siku ya tatu, hakumbuki chochote tangu chai ya asubuhi ile, na miguu yake haijasogea mpaka leo.

Uongo ule sasa wanaishi nao nyumbani kwao. Shemeji anamgeuza kitandani, anabadilisha mashuka, na akichoka namsikia, "Ungemsikiliza mdogo wako, tungekuwa hapa?" Binti yao wa miaka kumi na miwili hamsalimii baba yake. Mimi naenda kila jioni kusaidia kumwosha, watu wananisifu eti huyu ndiye ndugu, na wiki iliyopita kaka akanishika mkono uliojaa sabuni akaniambia, "Nisamehe mdogo wangu, nilikuharibia kazi. Najua mpaka leo unaliota lile tawi." Niliinama nikajifanya nasuuza kitambaa. Tangu siku ile anakula vijiko viwili anasukuma sahani, anasema mzigo aliojitwisha mwenyewe hataki wengine waubebe. Mke wangu, ambaye ndiye pekee anayejua, ananiambia nifunge mdomo, nikisema nitawapoteza kaka, mama na shemeji kwa siku moja, na miguu haitarudi. Je, ninyamaze niendelee kumhudumia, au niseme?

Mdogo wake Mwalimu

*

Ndugu yangu, barua yako niliisoma saa nne asubuhi, na saa nne na nusu nilikuwa nawe kwenye simu kwa namba uliyoiacha chini ya barua, kwa sababu mtu anayesukuma sahani hangoji gazeti litoke. Nayarudia hapa niliyokuambia, maana wenye siri kama yako ni wengi kuliko mnavyodhani.

Tawi lilikuwa kosa. Makosa ya kazi yanaumiza, hata yanaua, na kwa hilo ningelia pamoja nawe. Lakini uongo ule hukuusema mara moja. Uliusema kila jioni ulipoingia na beseni ukapokea sifa. Ukamwacha mgonjwa akuombe radhi! Hapo sina pole ya kukupa. Kaka yako hakupoteza miguu tu, ulimnyang'anya na akili zake: yeye ndiye aliyeuliza swali la maana pale chini ya mti, na nyumba nzima inamwona mpumbavu. Mkeo anasema miguu haitarudi. Kweli. Lakini binti anaweza kumrudia baba yake, na hilo lilikuwa mikononi mwako.

Nikakuambia nenda ukamwambie, nawe ulienda mchana uleule. Hilo nakupa. Jioni ukanipigia. Ulimwambia yote bila kuweka "lakini" hata moja, akauliza, "Kwa hiyo nilikuuliza?" Ukamjibu, "Uliniuliza, kaka." Akalia, akakuambia uondoke. Shemeji yako alipoambiwa alilitupa beseni uani akakufungia mlango, na mama yako hapokei simu zako mpaka leo. Aliyoyatabiri mkeo yametokea, na sasa unaniuliza kama nilikupotosha.

Sikukupotosha. Huo ni mzigo wako, na alikuwa ameubeba mtu asiyeweza hata kujigeuza.

Sasa sikiliza. Usiugonge ule mlango, usitume watu wakuombee msamaha, usipeleke matunda. Kesho nenda kwa daktari, umweleze ilivyokuwa, asahihishe kilichoandikwa kwenye faili, na umwambie kwamba mgonjwa wake hali chakula, kwa sababu kukata tamaa kwa namna ile kunatibiwa na hakutakiwi kusubiri. Tafuta ndugu mwingine mwenye nguvu wa kumwosha jioni, maana hasira ya shemeji haipunguzi uzito wa mwili ule. Mtoto mwandikie barua fupi inayosema wazi kwamba baba yake hakupuuza onyo lolote, huyo ndugu ampelekee mama yake, siku ya kumpa mtoto aichague mama huyo. Mjakaranda usiuguse tena. Aitwe fundi mwingine, aje na kamba, na pasiwe na mtu chini.

Kaka yako huenda akakuita, huenda asikuite. Akikuita umgeuze, nenda umgeuze, umfunike vizuri, urudi kwako. Usikae pembeni ya kitanda ukisubiri akuambie yameisha.