Mrija wa Baba Apewe Simiyu

Isiolo,
Jumapili, baada ya kanisa.

Kwa Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao wa kwanza, na uniambie kweli: goti limepoa, au unamwambia Nekesa aandike tu kwamba hujambo? Mimi ni mzima. Ukame wa huku umetutesa, na mahindi ya njano tumeyazoea, ingawa ugali wake si kama wako. Nekesa dada yangu, unapomsomea Mama barua hii usiruke neno, hata lile litakalokuumiza.

Mama, barua ya mdogo wangu Simiyu imefika. Anasema mwezi ujao mtafanya kumbukumbu ya Baba, na mimi kama mkubwa nitaketi kwenye kiti chake, nivute pombe ya busaa chunguni kwa mrija wake mbele ya wazee wote. Niliposoma nililia. Halafu nikajikuta nafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyonitisha.

Kuna jambo nililokuficha. Mwezi wa pili, nikiwa nimeacha pombe miezi minane, niliteleza. Tulikuwa tunatoka Kulamawe, mimi na Boru dereva wetu, baada ya kutengeneza pampu ya maji. Wenyeji walitushukuru hadi nikavimba kichwa. Tulipofika mjini nikamwambia anishushe kwa mama pima, nimsalimie tu, watu wasiseme naringa. Nitakunywa chai. Mama, nani amewahi kwenda kwa muuza chang'aa kunywa chai? Nilitoka huko siku ya tatu. Kumbe pampu ilikuwa imekwama tena, na ng'ombe wa watu walikufa kando ya birika tupu wakinisubiri mimi.

Boru hakunitukana. Yeye ni Mborana, Mwislamu, hajaonja hata tone, lakini ugonjwa wangu anaujua kuliko mimi. Aliniambia, "Wewe hukulewa kwa ule mama. Ulilewa hapa kwa gari. Ulianza, 'Mimi nafanya kazi ya watu watatu, hakuna mtu anajua.' Halafu, 'Mimi nimepona, siku moja ni nini?' Mimi nikasikia, nikanyamaza. Hiyo ni makosa yangu."

Tangu hapo tumepatana: nikianza kujihurumia au kujisifu, anasimamisha gari, hata kama ni jua la saa saba na hakuna kivuli. Tunashuka, naye ananitaka niseme kwa sauti ninachowaza, mpaka nione haya. Siku moja tulisimama mara nne. Nilimchukia siku hiyo, Mama, nilimchukia kabisa. Lakini chang'aa sijaonja tena.

Juzi nikamwambia habari za kumbukumbu. "Boru, hii si pombe, hii ni heshima ya marehemu. Funda moja tu." Gari likasimama.

"Endelea," akasema.

Nikairudia kwa sauti ile "funda moja tu", nikaona haya.

Kwa hiyo nitakuja, Mama. Nitaketi kwenye kiti cha Baba na nitamsifu kwa yote mema aliyotutendea, maana ni mengi. Lakini mrija apewe Simiyu, yeye pombe haijamtawala. Mjomba atasema nimemkana baba yangu. Aseme. Nilimpenda Baba, lakini sote tunajua kilichomuua, na hicho sitakitia kinywani kwa jina la heshima.

Nisalimie mjomba huyohuyo, shangazi mfinyanzi, mke wa Simiyu na mtoto wao mchanga nisiyemjua bado.

Na wewe nakuomba moja. Wazee wakinizunguka, ukaniona naanza kutabasamu na kusema, "Haya, kidogo tu," usinionee haya, wala usiwaogope wao. Njoo uninyang'anye mrija mbele ya watu wote.

Ni mimi mwanao,
Wanjala